Asteroidi 3174 Alcock, huyo Alcock aliigundua mwenyewe?

mwezi_kati: Wakuu habari zenu. Nilikuwa napitia majina ya asteroidi, yale mawe yanayozunguka Jua kwenye ule ukanda wa kati ya Mirihi na Mshtarii, nikakutana na 3174 Alcock, kumbe ni jina la mwalimu wa shule ya msingi Uingereza, astronomia alikuwa anafanya kwa ridhaa tu. Sasa aliiona yeye akaipa jina lake au ilikuwaje?

kilimia77: Hapana mkuu, hiyo aliigundua Edward Bowell mwaka 1984 kule Anderson Mesa, Arizona. Asteroidi ikifuatiliwa mpaka njia yake ikajulikana vizuri inapewa namba, kisha mgunduzi ana miaka 10 ya kupendekeza jina na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ndo inapitisha, herufi zisizidi 16. Kometi, yaani nyota yenye mkia, ndo inabeba jina la aliyeiona. Asteroidi jina lake unapewa na mwenzio, ni heshima.

nyota_ya_alfajiri: Na heshima yenyewe alistahili jamani, huyu mzee mimi nampenda sana. George Alcock alianza kutafuta kometi 1953, akakaa miaka sita hajapata hata moja, halafu Agosti 1959 akapata mbili ndani ya siku tano!! Baadaye akaamua kutafuta na nova, yaani nyota inayong'aa ghafla pale ambapo jana hukuona kitu, sasa ili uitambue lazima ujue zilizokuwepo, basi akakariri mpangilio wa nyota zaidi ya 30,000 jinsi zinavyoonekana kwenye binokula. Fikiria hapo. Akitupa jicho tu anajua hapa kuna mgeni. Nova ya kwanza aliipata 1967, zikafika tano, na kometi pia tano.

Ile kometi ya mwisho ya 1983 ndo inanigusa zaidi. Alikuwa ndani ya nyumba, amepiga magoti dirishani na binokula yake, kioo kimefungwa, akaiona hivyo hivyo. Satelaiti ya IRAS na Mjapani Araki nao walikuwa wameiona ndo maana inaitwa IRAS-Araki-Alcock, na ilipita chini ya kilomita milioni 5 kutoka duniani, kwa kometi hapo ni karibu mno.

mwezi_kati: Duh, miaka sita bila kitu na hakuacha. Asanteni sana. Sasa hiyo 3174 naweza kuiona kwa binokula?

kilimia77: Huwezi, ni hafifu mno. Unahitaji darubini kubwa yenye kamera, unapiga picha eneo lile lile usiku huu na usiku unaofuata halafu unalinganisha, nukta iliyohama ndo yenyewe.

nyota_ya_alfajiri: Ila nova unaweza kujaribu kwa binokula. Anza na kundi moja la nyota mpaka ulijue bila ramani, ndo uende lingine. Yeye ya mwisho aliipata 1991 akiwa na miaka 78, na hiyo pia alikuwa ndani, dirishani.