Bundi mdogo wa Sokoke: mliomwona, mlimwonaje? Tupeane uzoefu

Mtafuta Ndege

Habari zenu ndugu. Mliowahi kumwona bundi mdogo wa Sokoke, naomba msimulie: ilikuwa saa ngapi, alikuwa kwenye mti wa namna gani, nani alikuonyesha. Kichaka chenyewe usikitaje wala usielekeze njia ya kukifikia. Ndege huyu anajulikana hasa katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, na sehemu ndogo ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania.

Naanza mimi. Safari yangu ya kwanza nilidhani bundi anatafutwa usiku. Nikalala Gede, jirani na msitu, jioni mwongozaji wa msitu akanipeleka upande wa mchanga mwekundu, kwenye miti ya mifunda iliyosongamana. Kwenye miti ya mirihi na mchanga mweupe hatukupoteza muda, huko hakai. Giza lilipoingia akaanza: tonk, tonk, tonk, mara sita au saba, kisha kimya. Mgeni atadhani ni ndege wa mchana aliyesahau kulala. Tulimsikia kulia, tukamsikia kushoto, na hadi tunarudi sikuwa nimeona hata unyoya.

Kesho yake mwongozaji aliingia msituni peke yake alfajiri, akasikiliza wanapolilia kwa mara ya mwisho kabla ya kutulia. Saa nne akaja kunichukua. Akanisimamisha mbele ya kichaka, akaninong'oneza, "Wako hapo." Nikatazama. Majani makavu, vijiti, mizizi inayoning'inia. Akaniambia nisitafute ndege, nitafute kitu kinachofanana na jani kavu ila hakitikisiki upepo ukipita. Ndipo nikawaona, wawili, wamebanana bega kwa bega, juu kidogo ya kichwa changu. Mmoja wa kijivu, mwenzake rangi ya kutu. Nilikuwa nimeshasoma kwamba ana sentimita 16 hadi 18 tu, lakini moyo wangu haukuwa tayari kuona bundi mzima anayeenea kiganjani. Yule wa kutu akafumbua jicho nusu, la manjano, akalifumba. Nilipiga picha moja nikarudi nyuma kwa kunyata. Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile nasisimka.

Mjukuu wa Jilore

Asante kaka kwa kuanza. Mimi nimekulia ukingoni mwa msitu huo. Kwetu bundi akitua juu ya paa, bibi alitoka na kijinga cha moto kumfukuza, maana ameleta habari za msiba. Lakini huyu mdogo hakuwahi kusogea majumbani, kwa hiyo hakupata lawama yoyote. Sauti yake tuliisikia tukichelewa kurudi na kuni, nasi watoto tukaamini ni chura wa juu ya miti. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kuwa ni bundi, na kwamba wataalamu walimgundua hapo hapo kwetu mwaka 1965. Nilimfikiria bibi. Alikuwa akimsikia tangu usichana wake.

Nilipomwona kwa macho ilikuwa saa tatu asubuhi, alikuwa peke yake, wa rangi ya kahawia, kwenye kijiti chembamba ndani ya kichaka ambacho nimepita kando yake maisha yangu yote.

Jambo moja linaniuma niliseme. Mti wa muhugu umekatwa sana msituni humo kwa ajili ya vinyago, na miti mizee yenye mashimo, ambamo inadhaniwa bundi huyu hutaga, nayo huangushwa. Huyu si ndege wa kwenda kuishi shambani. Msitu wote ni kama kilomita za mraba 420, na sehemu ya mifunda anayoitaka ni kipande tu cha hizo. Ukipita pale ukaona kisiki kibichi, usinyamaze. Mwambie mlinzi wa msitu.

Sikio

Mimi nimekwenda mara tatu na sijamwona, lakini nadhani uzoefu wangu una faida.

Mara ya tatu tulikuwa kundi. Mwenzetu mmoja alikuwa na sauti ya bundi huyu kwenye simu, akaipiga karibu nusu saa bila kupumzika, huku tochi tatu zikimulika kila upande. Bundi alijibu. Akasogea, tukamsikia juu yetu kabisa, akazunguka, kisha akanyamaza. Usiku uliofuata tulirudi pale pale, kimya. Wa tatu, kimya. Siwezi kuapa kwamba ni sisi tuliomhamisha, ila fikirieni: ndege wa gramu 50 hivi anasikia mgeni analia katikati ya eneo lake, anaacha kuwinda wadudu wake ili aje kulilinda, na mgeni mwenyewe hayupo. Usiku wake tumeula sisi. Tangu hapo sipigi tena sauti za kurekodi, na nikiwa na kundi naomba hilo likubaliwe kabla hatujaondoka kambini. Najua wengine mnaona mara moja au mbili haina neno. Mimi nimeacha kabisa.

Asubuhi ya Muheza

Shikamooni wakubwa. Huku Tanzania tumechelewa kumjua, alipatikana mwaka 1992 kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Nasisitiza ya chini, kwa sababu wageni wengi hupanda moja kwa moja hadi Amani kwenye baridi na ukungu, wakamtafuta huko juu bure.

Mimi nilimsikia tu, usiku wa pili. Mzee aliyeniongoza alinikataza kuwasha tochi, tukakaa chini tumeegemea mti zaidi ya saa nzima. Walilia wawili, mmoja anaanza, mwingine anajibu kabla mwenzake hajamaliza. Sikusikitika kukosa kumwona. Nimemwandika kwenye daftari langu kama nilivyomsikia, na mbele yake sikuacha nafasi ya picha.

Mtafuta Ndege

Marahaba, mdogo wangu. Sikio, nakuunga mkono kuhusu simu. Ukienda mara ya nne acha usiku, mwambie mwongozaji mapema akakusikilizie alfajiri, na mlipe vizuri kwa kazi hiyo, maana anaamka saa tisa kwa ajili yako.

Sikio

Nitafanya hivyo. Je, tembo wa humo? Hilo ndilo linalonitia hofu nikifikiria alfajiri.

Mjukuu wa Jilore

Wapo, na nyati pia. Usitangulie mbele ya mwongozaji, usivae nguo zinazochakarisha, na akisimama ghafla simama bila kuuliza. Ukisikia matawi yanavunjika, mnarudi mlikotoka, hata kama bundi alikuwa anaita hatua ishirini mbele. Mimi nimewahi kurudi hivyo mara mbili.