Wapiga kambi wenzangu, turubai si ukuta! Tunawasikia!

Wakuu, leo sinyamazi. Tuko safarini kwa gari, tunapita vijijini na misituni kwenye ukanda wa joto, usiku tunalala kwenye mahema. Kila tunapotua nawatazama wapiga kambi wenzangu, na kusema ukweli wengi hawajui kuishi na watu.

Tuanze na wanaoingia usiku. Karibu na ikweta jua halina mzaha. Likishazama, ndani ya nusu saa ni giza totoro, iwe kiangazi iwe masika. Hili halihitaji shahada kulijua. Lakini hakosekani msafara wa kuingia saa mbili usiku, taa kali zinamulika mahema ya watu, injini zinanguruma huku wao wakibishana nani alale wapi na nani kasahau vigingi vya kukazia hema.

Kisha inashushwa jenereta. Nayo hawaiweki karibu na hema lao, la hasha, wanaileta nyuma ya hema langu! Eti moshi unawasumbua. Kwani mimi navuta nini? Moshi ule una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu anaweza kufia usingizini asijue kilichompata. Nikamwendea yule bwana, nikamwomba kwa adabu aizime. Akanijibu bila hata kugeuka: "Dada, tuko likizo." Na mimi niko wapi, mahakamani?

Lakini kilichonichemsha hasa ni cha asubuhi yake, mtoni.

Mmoja kachuchumaa upande wa juu wa mkondo, anasugua sufuria humo humo ndani ya maji. Mwenzake povu limejaa kichwani. Wa tatu karudisha gari kinyumenyume hadi magurudumu yameingia majini, anaosha matope. Hatua chache chini yao wamesimama watoto wa kijiji na ndoo, kimya, wanasubiri povu lipite ndipo wachote maji ya kunywa. Kabinti kamoja kalikuwa kanalisukuma povu pembeni kwa kiganja. Hakuna hata mmoja wa wale watu wazima aliyeona aibu.

Nilipofungua mdomo nikaambiwa sabuni yenyewe ni ya asili, inaoza. Inaoza wapi? Hizo sabuni zinahitaji udongo, vijidudu vya kwenye udongo ndivyo vinavyozivunjavunja. Ukizimwaga mtoni umechafua mto, basi. Chota maji kwa ndoo, sogea mita 60 au zaidi kutoka ukingoni, osha huko na umwage ardhini. Na dawa ya mbu uliyojipaka mwili mzima, ioshe huko huko pia. Chura ananyonya maji kwa ngozi, hata hewa anaipata kwa ngozi. Unamwogeshea sumu.

Chooni sisemi mengi, maana wengine mnasoma mkiwa mezani. Ila kila kichaka nilichokipita kina tishu nyuma yake, na zile zenye unyevu, nyingi zina nyuzi za plastiki, hazitaoza leo wala kesho. Mvua moja tu, uchafu wote uko mtoni kwa wale watoto. Koleo dogo halijazi gari jamani! Chimba sentimita 15 hadi 20, mbali na maji, fukia. Tishu weka kwenye mfuko uondoke nazo.

Kuna na wale wanaorushia nyani chakula ili wapige picha. Nyie kesho mnaondoka, nyani anabaki na somo kwamba ndani ya hema mna chakula. Anayechaniwa hema ni mgeni anayefuata, na nyani akishazoea hivyo mara nyingi huishia kupigwa risasi.

Wanaokata matawi mabichi na kuyamwagia petroli ili yawake nawaacha. Moshi wao unawatosha.

Nyie wenye maeneo ya kambi nanyi mna kesi. Pesa mnapokea getini, kisha mnaingia ndani kulala na kutuacha tugombane wenyewe. Wekeni bomba na sehemu ya kuoshea vyombo mbali na mto. Wekeni saa ya kuzima jenereta, na mlinzi apite kuhakikisha imezimwa. Vinginevyo hiyo pesa ya getini mnatutoza ya nini?