Bwawa dogo la nyumbani: zege, laina au udongo mtupu?

Bustani Kibada: Habari za kazi wadau. Nina nafasi nyuma ya nyumba, huku Kigamboni. Nataka bwawa la mita 4 kwa 3, kina mita 1, nifuge perege wa kitoweo na kupanda yungiyungi pembeni. Fundi wa mtaani anasema zege. Jirani anasema laina ya plastiki. Mjomba wangu wa Ifakara anasema nichimbe tu, maji yatakaa yenyewe. Ardhi yangu ni mchanga mtupu. Mlio na mabwawa, naomba mnipe na sababu.

Fundi Saruji: Zege, mkuu. Kitako chenye nondo, kuta za tofali za inchi 6, lipu yenye dawa ya kuzuia maji, halafu niru. Hilo unalisugua kwa brashi miaka na miaka. Laina panya akiitoboa, umekwisha. Mabwawa mengi ya zege yanayovuja, kitako kilimwagwa leo nusu kesho nusu, na maji hupita pale kwenye kiungo. Kimwage chote siku moja, ukinyweshee maji wiki nzima.

Mama Perege: Fundi hajagusa jambo linaloua vifaranga wengi. Saruji mpya hutoa chokaa na pH ya maji (kipimo cha asidi na alkali) hupanda sana. Jaza maji, yaache wiki, mwaga, sugua kuta, jaza tena, rudia. Wafugaji wengi hutumbukiza na vipande vya mgomba. Usinunue samaki mpaka umepima: perege anataka pH kati ya 6.5 na 9, na karatasi za kupimia si ghali. Maji ya bomba nayo yana klorini, kwa hiyo yakae wazi siku mbili hivi kabla ya kuweka samaki.

Mto Kilombero: Mjomba wako hajakosea, ila anasemea udongo wa kwao. Huku kwetu ni mfinyanzi. Chukua konzi ya udongo wenye unyevu, ufinyange uwe kama chungwa, urushe juu kiasi cha kichwa na uudake. Ukibaki mzima, chimba bila wasiwasi. Ukisambaratika mkononi, na mchanga wa Kigamboni utasambaratika, sahau. Inasikitisha, maana bwawa la udongo lina raha yake: ukiweka samadi kidogo maji yanageuka kijani, na samaki wanapata chakula bila pumba nyingi.

Nakuru Kijani: Ndugu zangu, salamu kutoka Nakuru. Udongo wetu wa volkano unakunywa maji vilevile, na wakulima wengi huku wanatumia laina ya bwawa, tunaiita "dam liner". Nunua ile nzito ya HDPE (aina ya plastiki ngumu), unene milimita 0.75 au 1, wala si karatasi nyepesi ya kufunikia mbegu. Toa kila jiwe na mzizi, tandaza magunia makuukuu chini, ndipo ulaze laina. Kingo zote zifukie kwa udongo na nyasi, maana jua ndilo linaloimaliza. Panya atoboe wapi ikiwa hakuna kona iliyo wazi?

Afya ya Mtaa: Bwawa lolote mtakalochagua, fikirieni mbu. Kwa joto la Dar, yai la mbu hufika kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hadi mbili. Perege wadogo hula viluwiluwi, kwa hiyo bwawa lenye samaki si tatizo kubwa. Hatari ni lile lililojazwa likisubiri samaki, pamoja na ndoo na makopo ya ujenzi yaliyoachwa kando. Na watoto, jamani. Mita moja ya maji inatosha kumzamisha mtoto. Weka uzio kabla ya maji, si baada.

Bustani Kibada: Asanteni. Nimejaribu lile donge la Mto Kilombero, halikufika hata juu. Swali lingine: masika, kisima changu kifupi hujaa karibu hadi juu. Kuna athari?

Fundi Saruji: Ipo, tena kubwa. Maji ya chini yakipanda yatasukuma kitako, na siku ukikausha bwawa kwa usafi linaweza kupasuka.

Nakuru Kijani: Laina nayo itainuka katikati kama mgongo wa kiboko. Inua bwawa lenyewe: chimba kidogo tu, kuta za tofali zipande juu ya ardhi, laina ndani.

Fundi Saruji: Hapo nakubali. Tofali zibebe uzito, laina izuie maji. Weka nguzo na mkanda wa zege juu, kwa sababu ukuta ulio juu ya ardhi hauna udongo wa kuuegemeza, na bwawa hilo litabeba tani 12 za maji.

Mama Perege: Na chokaa haitagusa samaki. Ukuta ukiwa juu, hata mtoto mdogo hatumbukii kirahisi, ingawa uzio ubaki.

Bustani Kibada: Laina ya ukubwa gani?

Nakuru Kijani: Urefu, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 60 za kukunjia kingo. Yako ni mita 6.6 kwa 5.6. Itafute ikiwa kipande kimoja, kwa sababu kuunganisha HDPE kunahitaji mashine ya joto, gundi haishiki.