Lino au plaiwudi kwa chapa za maonyesho ya chuo?

ChapaKwanza
Habari zenu wakuu. Nasoma sanaa, mwaka wa pili, niko Dar. Muhula huu tumeanza chapa, yaani kuchonga picha, kuipaka wino na kuigandamizia karatasi, na zimeniteka kuliko uchoraji. Tulianza na viazi, tukaja kadibodi, sasa tunachonga. Mwalimu alitugawia kipande kimoja kimoja cha lino, ukubwa wa daftari, changu nikakimaliza jioni moja. Nataka ninunue vya kwangu kwa ajili ya maonyesho. Kati ya lino na plaiwudi nichukue kipi? Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Bobari
Kijana, umeingia duka la dawa ukasema "nipe dawa". Picha zina ukubwa gani? Ngapi? Rangi ngapi? Chuo kina presi (mashine ya kugandamiza karatasi) au unasugua mgongo wa karatasi kwa mkono? Mfukoni una kiasi gani? Jibu hayo kwanza.

LinoTu
Mimi hata sihitaji majibu. Lino. Haina nyuzi, kisu kinakwenda upande wowote unaotaka, mistari ya kupinda inatoka kama umeichora kwa kalamu. John Muafangejo wa Namibia alijenga jina lake kwa lino, nyeusi na nyeupe, na maandishi tele ndani ya picha. Jaribu kuchonga herufi ndogo kama zile kwenye plaiwudi uone zitakavyobanduka.

Bobari254
@LinoTu na hiyo lino ataipata wapi? Mimi niko Nairobi na hata huku kuipata ni shughuli. Fred Mutebi wa Uganda anatoa rangi chungu nzima kwa ubao wa mti. Mbao iko kwa kila fundi seremala.

ChapaKwanza
Samahani wakuu, nilikuwa kipindini. Lino nimeshaiona Kariakoo, inauzwa kwa mita, bei si mbaya kabisa. Ina maua maua juu lakini nyuma ni nyeupe, nilifikiri nichonge upande wa nyuma.

LinoTu
Mungu wangu. Hilo ni tandiko la plastiki la sakafuni! Watu wanaliita lino kwa mazoea tu. Lino yenyewe ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa mbao na unga wa lile gamba la vizibo vya mvinyo, na mgongoni ina gunia la juti. Igeuze: ukiona gunia, inuse. Ikinuka mafuta kama rangi ya msanii, ndiyo. Ikinuka ndala mpya, rudisha.

Mama_Wino
😂😂 Ndala mpya!

Ila mdogo wangu, tandiko lile mimi nimewahi kulichonga. La plastiki nene, gumu, linachongeka vizuri tu. Jembamba lenye sponji ndani ndilo linalochanika.

Mzee_wa_Bobari
Bado hajajibu maswali yangu.

ChapaKwanza
Haya mzee. Picha 6, saizi ya A2 (A4 nne), nakala 20 kila moja. Rangi 4 kwa ubao mmoja, ile ya kuchapa, kuchonga tena, kuchapa tena. Presi ya chuo mbovu, kwa hiyo nitasugua kwa mwiko. Bajeti laki moja na nusu, wino humohumo. Maonyesho ni baada ya wiki tano.

Mzee_wa_Bobari
Kaa chini tupige hesabu. Picha 6 mara nakala 20 mara rangi 4 ni kusugua mara 480. A2 kwa mwiko, ukiwa na mkono mwepesi, tuseme dakika 20. Hizo ni saa 160. Kwa wiki tano ni zaidi ya saa nne na nusu kila siku, Jumapili ikiwemo, na hapo hujachonga wala wino haujakauka. Bega lako umelikatia bima?

Bobari254
Wah.

Mama_Wino
Naomba nisimulie yaliyonikuta ili asiyarudie, maana mpango wake ndio uleule wangu.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Nikanunua MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, kwa sababu ni laini na haina nyuzi, nikajiona mjanja kuliko watu wa plaiwudi. Picha ilikuwa ya mama anauza samaki feri, rangi nne. Nikachapa njano karatasi 20, safi. Nikachonga tena, nikachapa nyekundu, tatu zikaharibika, sikujali. Wino wangu ulikuwa wa maji. Usiku nikaona ubao umechafuka, nikaupeleka bombani, nikausugua kwa sabuni kama sufuria, nikauegemeza ukutani na kwenda kulala nikiwa na furaha zangu.

Asubuhi kingo zimevimba kama maandazi. Katikati umepinda, ukiuweka mezani unacheza. Nikaweka vitabu juu, nikaweka tofali, wapi. Bluu ilipokuja, ukilenganisha upande wa kushoto, kulia kumehama nusu sentimita: yule mama ana midomo miwili. Na kurudi nyuma huwezi, kwa sababu ile sehemu ya njano na nyekundu umeshaichonga, imekwenda na takataka. Katika 20 nilibaki na 4 za kuonyesha watu. Mwalimu akaniuliza kama ile midomo miwili nilikusudia. Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo: MDF usiiguse na maji, ipige vanishi pande zote na kingo zake kabla hujaanza. Na vumbi lake ukilisugua kwa msasa, funga pua, lina gundi.

LinoTu
Wino wa maji ndio uliokuponza, ubao unausingizia. Kwa joto la Dar unakauka kwenye rola kabla hujafika kwenye karatasi.

Bobari254
Exactly. Mimi nanunua wino wa ofseti, ule wa mafuta wa mashine za kuchapia, kwa wachapaji wa River Road. Kopo moja linakaa muda mrefu, na rola nasafisha kwa mafuta ya kupikia kisha sabuni.

Mama_Wino
Wa mafuta nao una lake. Kipindi cha masika karatasi zinaning'inia kwenye kamba siku nne na bado zinakushika kidole. Ana wiki tano tu huyu.

Fundi_Mwenge
Hata rangi ya mafuta ya mlangoni si inafaa? Tingatinga si alitumia rangi za baiskeli?

Mzee_wa_Bobari
Alipaka kwa brashi juu ya ubao. Kuchapa ni kitu kingine. Rangi ile ni nyepesi, inaingia kwenye mifereji uliyochonga na mstari wote unazibwa. Wino wa chapa ukiuvingirisha unatakiwa utoe mlio kama karanga zinakaangwa kwa mbali.

Fundi_Mwenge
Sawa mzee, nilikuwa nauliza tu. Na hizo namba za 3/20 chini ya picha ni za nini? Mteja aliniuliza mbona anauziwa nakala, akataka ile "orijino".

LinoTu
3/20 ni nakala ya tatu kati ya 20. Mwambie zote 20 ni orijino, kila moja imetoka kwenye ubao kwa mkono.

Fundi_Mwenge
Nilimwambia. Akasema basi nimpe bei ya kugawanya kwa 20.

Bobari254
😂 Huyo ni Mkikuyu wa kwetu.

Mama_Wino
Tuacheni ukabila. Hoja yake si ya kipuuzi, mtu ukichapa 20 leo na kesho ukachapa 20 nyingine kimyakimya, umemdanganya. Hii njia ya mpango wa kijana angalau haina wizi, ubao ukiisha umeisha.

Mzee_wa_Bobari
Tumemsahau mwenye uzi. Kijana, plaiwudi ya futi 8 kwa 4 inatoa vipande 10 vya A2, kwa hiyo una 6 na 4 za kukosea. Punguza ziwe picha 3, rangi 2, nakala 10. Bobari, ile patasi ya kuchonga mifereji, kama huna, vyuma vya mwavuli uliokufa vina umbo la mfereji tayari, vinoe ncha tu.

LinoTu
Plaiwudi nyuzi zitabanduka, nimeshasema.

ChapaKwanza
Asanteni wote. Rangi 2 sitaki, picha zangu ni machweo. Nimepita kwa fundi wa mtaani, ana mapande ya mwembe, mapana, ananipa bure. Mwembe unachongeka?

Mzee_wa_Bobari
Mbichi au mkavu?