Eti stiki ya kupimia oili ya gari yangu "imeibiwa bandarini"!!! Huyu fundi wote mnamjua, leo simwachi

Kobe wa Kigamboni (mwenye uzi):
Wakuu nimetoka huko sasa hivi, nimepaki pembeni ya barabara naandika huku mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Jina sitaji wala gereji sitaji maana mnamjua wote. Yule yule wa ovaroli ya bluu na simu mbili, anayejiita spesho wa gari za Mjerumani, ukuta wake umechorwa nembo zote za Ulaya mpaka za magari ambayo hapa Dar hayajawahi kukanyaga. Huyo huyo.

Shida yangu ilikuwa ndogo mno. Ile Porsche yangu Cayman 981 S, injini ya lita 3.4, wengine humu mnaijua, dashibodi ilinionyesha oili imeshuka, nikasema kwa kuwa napita pale ngoja ninunue lita moja ya 0W-40 yenye maandishi ya A40, kibali cha Porsche, nijimiminie mwenyewe nisepe zangu. KUNUNUA TU. Jamaa akaniwahi, "bosi tulia mteja hachafuki mikono hapa", akafungua boneti ya mbele, akakutana na begi langu la mazoezi. Kimya kidogo. Halafu kwa sauti ya kuita daladala: "Bosi, injini umeiacha nyumbani?"

Gereji nzima wakacheka, mpaka mama ntilie akaweka mwiko chini. Hilo nikalimeza. Nikamwelewesha kistaarabu, fundi, injini ya hii iko katikati, nyuma ya viti, huioni mpaka ubomoe vifuniko, oili inaongezewa kwenye buti la nyuma, mfuniko wake uko jirani na wa maji. Akazunguka, akafungua mfuniko, akachungulia kwa jicho moja, akatikisa kichwa: "Pole sana bosi. Stiki yako wameichomoa bandarini."

Nikamwambia haikuibiwa, hii gari imetoka kiwandani haina stiki, ina sensa, unasoma kwenye skrini. Akanitazama kwa huruma jamani, HURUMA, akasema "hakuna gari isiyo na stiki duniani, hata trekta inayo", na mimi ninayemlipa nikawa ndiye mjinga wa siku.

Sasa sikilizeni. Akamwita dogo wake, "lete stiki ya ile Noah". Noah ya mteja mwingine, iko juu ya mawe haina hata tairi. Stiki ikaja inadondosha oili nyeusi ya watu, akaifuta kwenye ZULIA LA BUTI LANGU. Kitambaa anacho mfukoni nakiona kinaning'inia! Akafuta huku, akageuza akafuta na huku, akaizamisha kwenye shimo langu. Bomba lile halikutengenezwa kwa ajili ya stiki kwa hiyo ikatoka kavu, akainyanyua juu watu waone: "Kavu! Bosi umekuja kuua gari." Nimegeuka kutafuta shahidi, nageuka tena kopo zima ameshalipindua na la pili ameshaanza, nilimpokonya likiwa nusu.

Halafu bili. Elfu 15 "gharama za kupima". Na stiki orijino ananitafutia Ilala kwa elfu 80.

Sasa hivi dashibodi inapiga kelele oili imezidi na kila nikikanyaga nyuma kunatoka moshi wa bluu. Lakini moshi nitashughulika nao. Lile zulia wakuu. Stiki ya Noah. Kwenye zulia.

Mzee wa Foleni:
Nimekaa paleee na karanga zangu.

Binti Tegeta:
"Injini umeiacha nyumbani" 😂😂😂 nimecheka mpaka mtoto ameamka

Fundi Nusu:
Chief una Cayman halafu unaipeleka kwenye gereji yenye Noah juu ya mawe? Nani wa kulaumiwa?

Kobe wa Kigamboni:
@Fundi Nusu soma uzi. Nilienda KUNUNUA OILI. Duka liko mbele gereji iko nyuma. Na hata ingekuwa nimeipeleka, ndiyo afute stiki ya Noah kwenye zulia langu?

Kijana wa Mark X:
Uzi bila picha ni taarabu bila kinanda. Weka picha ya zulia.

Sita Bapa:
Mkuu tuache utani kidogo, kwanza ZIMA hiyo gari. Oili ikizidi sana krankshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inaanza kuipiga inakuwa povu, na povu halilainishi chuma, halafu nyingine inapanda kwenye njia ya mvuke inaingia kwenye hewa ya injini inaungua, ndiyo huo moshi wa bluu unaouona. Ukiendelea kukanyaga utaua na katalisti ya ekzosi. Tafuta mtu afungue boliti ya chini apunguze kidogo kidogo. Na hiyo ya kwenye skrini umesomaje? Maana umesema umepaki pembeni ya barabara, pale si kuna mteremko?

Kobe wa Kigamboni:
Mteremko mdogo.

Sita Bapa:
Mdogo ndio nini sasa. Injini ya silinda sita zilizolala, oili inatapakaa pana, gari ikiinama sensa inakusomea uongo. Weka sehemu tambarare, injini iwe imepata moto kabisa maana oili ikipata joto inatanuka, iache silensa, yaani iungurume bila kukanyaga mafuta, ingia kwenye menyu ya gari chagua usawa wa oili, tulia ihesabu mpaka imalize. Usikanyage usiguse kitu. Ikikuambia hali haijakamilika ujue bado ya baridi. Na siku nyingine unaongeza kidogo, unapima, unaongeza. Gari nyingi kutoka mstari wa chini mpaka wa juu ni kama lita moja tu, humwagi kopo zima kwa mkupuo.

Fundi Nusu:
Kumbe hata kupima alipima mlimani 😂 basi yule fundi ana nafuu, yeye alikuwa na stiki

Kobe wa Kigamboni:
Nilipima ASUBUHI nyumbani kwangu kwenye sakafu, moto, silensa, kila kitu!! Hapa barabarani ni yenyewe imepiga kelele sikuiuliza. Mbona mnamtetea mtu aliyeichomoa stiki kwenye Noah ya watu akaja kuifutia kwangu?

Mama Wawili:
Mimi nauliza tu, mwenye Noah yeye anajua kama stiki yake ilitembea?

Kijana wa Mark X:
😂😂😂 Mwenye Noah uko humu? Jitokeze

Msee wa Thika Road:
Wueh, poleni wandugu. Huku kwetu Nairobi makanika mmoja aliambiwa BMW M3 ya E92 haina dipstiki akasema ataiwekea. ATAIWEKEA. Akatoka na drili. Mwenye gari alilala juu ya injini kama mama amekinga mtoto.

Sita Bapa:
E92 kweli haina, V8 ile ya 4.0, zimetoka hivyo tangu 2007. Na ile inakunywa 10W-60, ukikuta fundi amebeba kopo la ile ya IST mkimbie.

Altezza Halisi:
Ndio maana mimi sitoki kwenye Mjapani. GT86 ya shemeji yangu ni spoti, imetoka 2012, stiki inayo, unavuta unaona umemaliza. Hizo sensa ni kutafutana ubaya. Ikifa sensa unapima na nini, na dua?

Sita Bapa:
Ikifa sensa inakuandikia imekufa, unabadilisha. Stiki nayo ikisomwa na mtu asiyejua inadanganya vilevile, nimeshaona watu wanapima injini ndiyo kwanza imezimwa, oili yote bado iko juu, wanasema imepungua wanaongeza.

Altezza Halisi:
Bora nidanganywe na kitu ninachokishika mkononi.

Kobe wa Kigamboni:
Jamani mada ni zulia.

Binti Tegeta:
Wewe una nafuu kaka. Mimi pale wanapooshea magari kijana aliniambia "dada naosha na injini, bure", nikasema haya. Akaelekeza ile pampu ya presha kwenye koili moja kwa moja. Vitz ilitetemeka wiki nzima, nikimrudia ananiambia "dada hiyo ilikuwa inaumwa kabla".

Mama Wawili:
Ilikuwa inaumwa kabla ndiyo wimbo wa taifa wao!! Wangu alifungua mlango wa IST ukamtoka mkononi ukapiga nguzo, bampa ya mbele nayo akaikwaruza akigeuza, ananitazama usoni anasema ilikuwa hivyo.

Mzee wa Foleni:
Nyie mnalalamikia maji na bampa. Mimi nimeuziwa oili feki, kopo lina mpaka stika ya kukwangua, kumwaga baada ya muda imetoka nyepesi inatiririka mithili ya chai ya rangi. Nikarudi dukani, duka limeshakuwa saluni.

Msee wa Thika Road:
Saluni aki 😂😂

Kijana wa Mark X:
Wakuu kopo tupu likiisha litoboeni kabla ya kulitupa. Kuna watu wanayaokota wanajaza upya. Mimi natoboa na msumari kabisa.

Fundi Nusu:
Hilo ni la kweli kabisa

Kobe wa Kigamboni:
Nimepata mtu wa kunipunguzia, anakuja na pikipiki. Amenipigia akaniuliza nije na stiki ya size gani.

Binti Tegeta:
😂😂😂😂😂

Mama Wawili:
Samahani natoka nje ya mada, kuna mwenye bampa ya mbele ya IST nyeupe humu? Ya mtumba iliyonyooka.

Altezza Halisi:
Ninayo dada, ina mkwaruzo kidogo kona ya kushoto. Njoo PM.

Mama Wawili:
Mkwaruzo upo kweli au nao ulikuwepo kabla?