Miche ya kahawa ya robasta: ya mbegu au ya vipandikizi?

Mkulima wa Bombo
Salaam wakubwa. Nina ekari moja hapa Bombo, Uganda, nataka kupanda robasta mvua za Septemba zikishika. Jirani ana miche ya mbegu, majani yanang'aa, na anasema punje alizichuma kwenye mti wa KR (zile aina za robasta zilizochaguliwa kwa kustahimili ugonjwa wa mnyauko) ambao mnyauko haujaugusa. Bei yake iko chini sana kuliko vipandikizi (vipande vya mti vilivyooteshwa), na mimi nahitaji kama 450. Mama akiwa KR, mtoto si KR pia? Na nikiikuta kwenye viriba (mifuko ya miche) nitaitofautishaje? Huku yote huitwa endokwa tu, yaani miche.

Mama Kitalu, Mukono
Hapana, mwanangu. Robasta haijichavushi. Ua la huo mti limepata chavua ya mti mwingine, pengine ule mkongwe dhaifu nyuma ya jiko la mtu. Ukiotesha punje zake, huyu atazaa vizuri, huyu punje ndogo, yule mnyauko utamkausha akiwa tayari na matunda. Ndiyo maana KR zilizochaguliwa na watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza huzalishwa kwa vipandikizi.

Kutambua ni rahisi, inama tu. Mche wa mbegu umetoka udongoni wima, shina moja. Wa kipandikizi una kisiki kifupi cha shina lililokatwa, na chipukizi limeota ubavuni mwake. Muuzaji akikuharakisha usiiname, nenda kwingine.

Mgishu wa Juu
Mama, usiwatishe watu wa Mlima Elgon! Arabika hujichavusha, kwa hiyo sisi arabika yetu ya aina ya SL14 tunaiotesha kwa mbegu bila shida. Unalaza punje upande bapa chini, unangoja kiberiti (kijishina kimebeba punje juu kama njiti), halafu kipepeo (majani mawili ya kwanza yamefunguka), ndipo unahamishia kwenye kiriba. Angalia tu mzizi mkuu usikunjike. Ukipinda pale, kiangazi kitakuonyesha.

Mama Kitalu, Mukono
Kweli kabisa, nilisema robasta tu. Kuhusu mzizi naongeza: anayejaza viriba vifupi ili kuokoa udongo anakuuzia kuni.

Mkulima wa Bombo
Nimeelewa. Basi nichukue KR moja iliyo bora, shamba zima?

Mama Kitalu, Mukono
Aa, usifanye hivyo! Miti ya KR moja ni mti uleule, haitachavushana. Chukua aina kadhaa uzichanganye shambani.