Saa mbili za kubadilisha ndege New York zinatosha?

Msafiri wa Donholm: Hamjambo. Mwezi ujao nitasafiri kutoka Nairobi hadi Chicago kupitia New York, ambako nitakuwa na saa mbili tu za kubadilisha ndege. Tiketi ni moja. Je, mzigo utafika Chicago bila mimi kuugusa?

Mama wa Kayole: Hapana, ndugu yangu. Hata kama kibandiko cha begi kimeandikwa ORD, yaani uwanja wa O'Hare wa Chicago, Marekani inakutaka upite uhamiaji katika uwanja wa kwanza unaotua, uchukue begi, upite forodha, kisha ulikabidhi tena. Na foleni ile haina huruma. Ningekuwa wewe, ningeomba ndege ya baadaye.

Mzee wa Buruburu: Naafikiana na mama. Afadhali tiketi ni moja, kwa kuwa ndege ya kwanza ikichelewa, shirika litakutafutia nafasi katika nyingine. Mwanangu alinunua mbili tofauti ili aokoe pesa, akaishia kuilipia ya pili upya. Omba kiti cha mbele mapema, na dawa zako zikae kwenye begi la mkononi.

Msafiri wa Donholm: Asanteni. Kesho nampigia wakala.